Nataka Mfupa

Jumapili, Aprili 26

Daktari Wahu ameniambia niandike kila siku kama niko na homa na kama kichwa kinauma. Homa: hapana. Kichwa: kidogo. Kwa kuwa daftari ni langu, nitaandika na mengine.

Naitwa Nanjala. Niko Kidato cha Tatu hapa Kitengela. Juu kabisa ya kichwa changu hakuna nywele. Kuna ngozi nyembamba inayong'aa kama ya kitunguu, upana wa kiganja, na chini ya hiyo ngozi hakuna mfupa. Ukiangalia vizuri utaona inapiga, inapanda na kushuka. Huo ni ubongo wangu ukiendelea na kazi zake.

Maisha yangu yote nimejua kwamba nilichomwa na uji nikiwa mchanga. Kitengela yote inajua hivyo, kwa sababu Mama ako na saluni kando ya barabara ya Namanga na mteja akiniona na kuuliza, anaambiwa ni uji. Mwezi wa kwanza tulienda kliniki Kajiado. Daktari Wahu akatazama picha za kichwa changu, akanitazama mimi, kisha akamwambia Mama kwa upole kwamba uji hauli mfupa. Mama akaangalia mkoba wake. Akasema nilizaliwa hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa palepale katikati yao. Tangu siku hiyo ninamsalimia Mama, ninaosha vyombo, na hakuna kingine tunachozungumza.

Wakati wa likizo niliwekewa puto. Ni mfuko wa mpira, uko chini ya ngozi yangu yenye nywele, upande wa kulia kwa nyuma. Kila Alhamisi utadungwa maji ya chumvi hadi uvimbe na kunyoosha ngozi. Ikitosha, watatoa ile ngozi mbovu, wachukue mfupa kutoka sehemu nzima ya fuvu langu mwenyewe, waupasue tabaka mbili, moja irudi ilipotoka na nyingine izibe shimo. Halafu ngozi mpya ivutwe juu.

Mama anapenda hadithi hii kwa sababu ya nywele. Mimi nywele zikija zije. Sijawahi kupanda bodaboda. Sijawahi kuruka kamba. Wenzangu wakicheza mpira wa wavu mimi huambiwa nikae mbali, mpira usije ukanipata. Nataka mfupa.

Shule inafunguliwa kesho. Mama amesema niende kwa shangazi yangu Loitokitok, nikae huko kwenye shamba lake la nyanya hadi kichwa kirudi sawa, kwa sababu puto litaonekana. Nimekataa. Baba hufanya kazi kiwanda cha simiti Athi River na si mtu wa maneno mengi. Alikuwa anafunga viatu aende shifti. Akasema, "Mtoto aende shule." Mama akafunga mlango wa chumba kwa nguvu.

Jumatatu, Aprili 27

Mvua. Matope meusi hadi kwenye vifundo. Nimeenda shule.

Alhamisi, Mei 7

Sindano ya kwanza. Muuguzi anaitwa Ruth. Alipapasa nyuma ya sikio langu akatafuta kitu kidogo kigumu kama kitufe, akadunga hapo. Sikusikia sindano, nilisikia maji. Ni kama mtu anasukuma kidole gumba chini ya ngozi yako na hakitoi. Ruth ananitazama uso wakati wote, nikikunja macho anasimama. Nilimwambia asisimame. Akasema yeye ndiye atakayeamua.

Ijumaa, Mei 8

Kichwa: sana.

Alhamisi, Mei 14

Sindano. Kwenye foleni nilikaa karibu na koko mmoja, bibi mzee wa Kimaasai mwenye shanga nyeupe. Skafu ninayofungia kichwa ilikuwa imeteleza. Alitazama kinundu cha puto bila kuficha kwamba anatazama, kisha akanisalimia, "Takwenya." Nikajibu, "Iko." Akauliza kama inauma. Nikasema siku ya pili ndiyo inauma zaidi. Akatikisa kichwa, akaniachia nafasi niegemee ukuta. Mama, aliyekuwa upande wa pili, akanivuta skafu mbele.

Jumanne, Mei 19

Wameanza kuniita Kilima. Puto sasa ni kama nusu chungwa na skafu haifichi kitu. Kui, ambaye tunakaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza, ameniambia kile kinachosemwa: kwamba ni saratani, kwamba inaambukiza, kwamba ni jini limekaa. "Unajua vile watu wako," akasema. "Si uwaambie tu ile story ya uji wanyamaze?"

Mwalimu wa Biolojia alikuwa hajafika. Nilienda mbele ya darasa, nikatoa skafu. Nikawaambia sikuchomwa na uji. Nilizaliwa bila ngozi na bila mfupa hapa juu, na hili ni puto la maji, na chini yake hakuna jini. Nikainama waone pale panapopiga. Wengine walifunika macho. Mvulana mmoja wa nyuma akauliza kama naweza kusikia mawazo yangu yakipita. Nikamwambia yangu nasikia, yake bado sijasikia hata moja. Walicheka, na mimi nikacheka.

Nilirudi dawatini, nikafunga skafu upya.

Jumatano, Mei 20

Habari ilifika saluni kabla yangu. Nilipoingia, mteja alikuwa chini ya draya na Mama anasuka mwingine, na wote watatu walinyamaza. Mama alimaliza kusuka. Alifagia. Wateja walipoenda alisema, "Umeniharibia."

Nikamwambia yeye ndiye aliyenidanganya, wala si siku moja. Alisema sijui ninachosema. Nikasema basi aniambie. Akachukua ufagio akafagia palepale alipokuwa ameshafagia.

Alhamisi, Mei 21

Nimeenda kliniki na Baba. Alibeba chupa ya chai tangu Kitengela na tukasahau kuinywa.

Jumatatu, Juni 1

Mvua imeisha, baridi imeanza. Mama anaongea na mimi kupitia Baba.

Alhamisi, Juni 4

Sindano. Chungwa zima sasa. Nalala nimekaa.

Jumanne, Juni 9

Naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Kimeu, aliniita ofisini. Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Alisema kuna wazazi wamelalamika, wasichana wa Kidato cha Kwanza wanaogopa, na kwamba kwa faida yangu mwenyewe ningesomea nyumbani hadi matibabu yaishe. Walimu watanitumia kazi.

Nilimuuliza nani ameumizwa na kichwa changu. Akasema si suala la kuumizwa. Nikasema basi nitakuja kesho. Akasema kesho nije na mzazi.

Baba yuko shifti ya mchana wiki hii yote. Nimemwambia Mama, maneno machache tu. Ameniitikia, "Sawa." Najua kesho atakubaliana na Mwalimu Kimeu. Ndicho alichotaka tangu mwanzo. Shangazi ataletewa mgeni.

Jumatano, Juni 10

Nitaandika yote, hata nikichelewa kazi ya hesabu.

Mama alikuja akiwa na aproni ya saluni, ile ya zambarau iliyo na madoa ya dawa za nywele. Alikaa wima. Mwalimu Kimeu alirudia maneno ya jana, kwa upole uleule. Akamalizia kwamba watu wamechanganyikiwa: walikuwa wanajua ni jeraha la moto, sasa linakua, na msichana mwenyewe anasema mambo mengine darasani. Akamuuliza Mama, ili ajue la kuwajibu wazazi, ni lipi hasa.

Nilingojea uji.

Mama alisema, "Hakuchomwa. Nilimzaa hivyo."

Kisha akaendelea, na hakuwa akiongea na Mwalimu Kimeu, ingawa alikuwa anamtazama yeye. Alisema nilipozaliwa kule nyumbani, Bungoma, mkunga alinifunga kitambaa kichwani akatoka nje kuita watu. Wanawake wa boma walikuja mmoja mmoja, wanafungua kitambaa, wanaangalia, wanafunga, wanatoka. Hakuna aliyesema hongera. Wa mwisho alikuwa jamaa wa Baba, mtu mzima anayeheshimika. Alimshauri Mama asinipe titi. Asifanye lolote baya, asinipe titi tu, na mambo yatajimaliza. Mama alikuwa na umri wa miaka ishirini. Kulipopambazuka alinibeba akatoka, na Baba akamfuata na begi, na hawajawahi kurudi kukaa huko.

"Nilipofika hapa nikaulizwa," akasema. "Nikasema uji. Mtu akisikia uji, anasema mama huyu ni mzembe, na mtoto anabaki mtoto. Akisikia amezaliwa hivyo, mtoto anakuwa kitu kingine. Mimi nimekubali kuitwa mzembe, mwalimu. Nimeitwa hivyo mpaka kanisani. Sasa wewe unataka kumtoa darasani, na mimi nilimtoa mahali pabaya zaidi ya hapa. Atakaa shule."

Mwalimu Kimeu aligusagusa kalamu zake. Akasema basi niendelee, lakini wakati wa paredi nisisimame mbele, na skafu isitoke kichwani. Mama akamwambia skafu ikikaza inazuia damu kwenye ngozi iliyo juu ya puto, daktari amekataza, kwa hiyo itatoka. Akasimama. Akamshukuru kwa muda wake.

Kwenye uwanja nilitaka kumwambia kitu. Yeye akaangalia saa, akasema ana mteja wa kurelaksi nywele na amemwacha akingoja. Nilimtazama akivuka hadi getini, aproni inapepea. Nilikuwa nimemkasirikia mwanamke mwingine kabisa.

Alhamisi, Juni 11

Sindano. Tulienda na Mama. Alinishika mkono na Ruth akasukuma maji, na sikukunja macho.

Ijumaa, Juni 19

Homa: ndiyo. Kichwa: ndiyo. Ngozi juu ya puto ni nyekundu na moto.

Jumatatu, Juni 22

Nimelazwa Kajiado tangu Jumamosi. Dawa inaingia kwa dripu. Daktari Wahu ameweka alama ya kalamu kuzunguka wekundu. Ukivuka mstari, puto linatolewa leo hii. Hakuficha. Alisema hii ngozi ndiyo blanketi, na bila blanketi hawezi kulaza mfupa, kwa sababu mfupa ukikaa bila kufunikwa vizuri unaoza. Puto likitolewa sasa, tunangojea mwaka au zaidi ndipo tujaribu tena.

Mama amesema litolewe. Anasema nimeteseka vya kutosha. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, anatazama ule mstari kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Nimemwambia asiwaambie hivyo madaktari. Nimemwambia mimi sijachoka.

Nimechoka. Lakini hilo ni la daftari.

Jumanne, Juni 23

Mstari haujavukwa.

Alhamisi, Juni 25

Homa: hapana.

Alhamisi, Julai 9

Sindano tena, baada ya wiki tatu kupita bila. Kidogo tu, Ruth hataki haraka. Baridi ya hapa Kajiado inauma masikio. Kui amenakili masomo yote niliyokosa, na pembeni ya Kemia ameandika, "Hii mimi mwenyewe sijashika, usiniulize."

Jumatano, Julai 15

Msichana wa Kidato cha Kwanza alikuja kwenye bomba la maji akaomba aguse. Nikamruhusu. Akasema, "Kumbe ni joto." Akaenda zake.

Alhamisi, Julai 23

Daktari Wahu anasema ngozi sasa inatosha. Leo alikuja na daktari wa ubongo, Daktari Mulinge, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Upasuaji utafanyika hospitali kubwa Nairobi, baada ya shule kufungwa. Alitueleza kila kitu. Katikati ya kichwa, chini ya ile ngozi ya kitunguu, unapita mshipa mkubwa wa damu. Kwa watu wengine umefunikwa na mfupa. Kwangu umeshikana na hiyo ngozi, ambayo ni kovu. Wakitenganisha kovu unaweza kuchanika, na ukichanika damu hutoka kwa kasi sana. Watajiandaa, damu itakuwepo, wameshafanya hivyo kwa wengine. Lakini hawezi kusema haitatokea.

Mama aliuliza kama wanaweza kuvuta ngozi yenye nywele tu na kuliacha shimo. Daktari Wahu alisema inawezekana, hatari inapungua kidogo, lakini shimo litabaki shimo chini ya nywele.

"Basi fanyeni hivyo," Mama akasema. "Amekaa nalo miaka yote hii na hajafa."

Nilisema hapana. Nilisema kama ni nywele tu, watoe puto nirudi nyumbani nilivyokuwa, kwa sababu sikuja kuvaa kofia ya nywele juu ya shimo. Mama alisema mimi ni mtoto na yeye ndiye anatia sahihi. Baba alisema hata yeye anaweza kutia sahihi. Mama alimgeukia akamtazama.

Nikamwambia Baba asitie. Sitaki kuingia huko Mama akiwa amekataa. Aliyenibeba kutoka Bungoma ni yeye.

Daktari Mulinge akasema twende tukafikirie.

Jumamosi, Julai 25

Hatuongei.

Jumatatu, Julai 27

Mtihani wa Hisabati. Hatuongei.

Jumatano, Julai 29

Leo mchana hakukuwa na mteja saluni, kulikuwa na manyunyu na upepo. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikatoa skafu. Mama alikuja nyuma yangu bila kuambiwa, akachota mafuta, akaanza kupaka pale katikati kama anavyofanya kila wiki tangu nikumbuke. Yeye tu ndiye huwa anapagusa bila kuogopa. Kwenye kioo niliona vidole vyake vimetulia hapo, havisogei.

Nikamuuliza anaogopa damu? Akasema damu anaogopa, ndiyo. Kisha akasema kitu ambacho sikutarajia.

"Ulipokuwa mchanga hukuwa unalia. Ulikuwa unalala tu. Nilikuwa naweka kidole hapa nione kama unapiga. Ukipiga, najua uko. Mpaka leo, ukilala, napita nikiangalia. Sasa wakifunika na mfupa, mimi nitajuaje?"

Nilikuwa nimepanga hoja zangu zote, za bodaboda na za mpira. Nikaziacha.

"Utaniita," nikasema. "Nitaitika."

Alimaliza kupaka mafuta, akafunga kopo, akafuta mikono. Baadaye, akimenya viazi, alimwambia Baba kwamba Jumatatu aombe ruhusa kazini, wote waende Nairobi.

Jumapili, Agosti 9

Naandika kidogo kidogo, shingo ni ngumu.

Waliniingiza thieta Jumanne asubuhi. Mama alitia sahihi mbele yangu, jina lake lote, Dolphine na ubini wote, polepole. Ya ndani siyajui, nimesimuliwa. Mshipa ulichanika. Si sana, lakini ulichanika, na Daktari Mulinge aliushona huku wakiniongeza damu. Baba alikuwa ametoa yake siku iliyotangulia, ingawa sijui kama ndiyo niliyopewa. Kisha wakaweka mfupa, vipande vinne vimeungwa kwa vishikizo vidogo sana, na ngozi ikafika. Daktari Wahu alisema ilifika kwa shida, lakini ilifika.

Nilipoamka uso ulikuwa umevimba, sikuona kitu. Nilisikia tu Mama akiniuliza kama nataka maji. Nikasema nataka chai. Nikamsikia akitoka nje ya wodi haraka, na alipokaa huko bila kurudi, nikajua analia, na nikamwacha.

Jumamosi, Agosti 15

Bandeji imetolewa. Ukingo mmoja wa ngozi umekuwa mweusi, urefu wa kidole. Daktari Wahu anasema ukanda huo umekosa damu. Utapona, lakini nywele hazitaota hapo. Alisema pole. Nilimtazama Mama, kwa sababu nywele zilikuwa zake, si zangu. Yeye aliinama akapachunguza kama anachunguza kichwa cha mteja.

"Hapo ndipo tutagawa mstari wa nywele," akasema.

Mpira wa wavu mwakani, si kabla. Bodaboda Daktari Mulinge anasema hata yeye hapandi.

Jumamosi, Agosti 22

Niko saluni tangu asubuhi. Nyumbani nimechoka na godoro. Nywele zimeanza kuota, fupi kama za mwanajeshi, na kovu linapita kutoka sikio hadi sikio kama reli. Mama aliniuliza kama nataka skafu ile mpya. Nikasema hapana. Akaning'iniza skafu kwenye msumari.

Mchana aliingia mama mmoja mgeni, amehamia juzi tu, anataka kusukwa laini za nyuma. Alikaa, akaniona kwenye kioo, akashika kifua. Akamuuliza Mama kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi siko, huyo msichana alipatwa na nini, ni ajali?

Saluni ilikuwa imejaa. Wawili walikuwa wateja wa miaka mingi, wale wa uji. Draya ilizimwa. Mama alikuwa na kitana mdomoni. Akakitoa.

"Ni binti yangu," akasema. "Alizaliwa bila mfupa juu ya kichwa. Wiki mbili zilizopita amewekewa."

Yule mama akashusha mkono. "Pole sana, mama."

"Pole ya nini?" Mama akamuuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alingojea jibu kweli, kitana kiko hewani, na yule mama akanitazama tena, safari hii mimi mwenyewe, si kwenye kioo.

Mama akamgeuza kichwa polepole kuelekea kioo, akaanza kugawa nywele.